Fomu Namba Kumi na Mbili

Mkeka wa mpira wa bafuni uliombwa mwezi wa pili, ukajadiliwa mwezi wa tatu, ukaahirishwa hadi robo ijayo. Mwombaji alikuwa mke wa Kanali. Mwenye kuidhinisha alikuwa Kanali mwenyewe, ambaye aliandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa daftari la nyumba: “Si wa lazima kwa sasa. Bafu halijawahi kumwangusha mtu.” Maneno hayo yalikuwa ya kweli mpaka Jumatatu moja saa moja asubuhi, mama mkwe wake alipoteleza akitoka kuoga, akaangukia ubavu wa kulia, akabaki pale sakafuni bila kupiga kelele, akisubiri mtu apite.

Aliyepita alikuwa mjukuu wake wa sekondari. Bibi alimwagiza alete shuka kwanza, kisha amwite mama yake, kisha, kama hana kazi nyingi, amwite na baba yake.

Kanali alikuja akiwa amekwisha kuvaa sare. Akachuchumaa mlangoni, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima.

“Mama, unaweza kusimama?”

“Ningeweza ningekuwa nimesimama, mwanangu. Hapa si mahali nilipopachagua.”

Kanali alikuwa mkuu wa Mipango na Bajeti makao makuu ya jeshi, mwaka wa kumi na moja sasa, na hiyo ndiyo vita pekee aliyowahi kupigana. Kila mwaka vikosi vilileta maombi ya viatu, mafuta, mahema na dawa, naye alikaa na kalamu yake nyekundu mpaka jumla ya maombi ilipolingana na fedha zilizopo. Ofisini walimwita Mkasi. Alijua, na hakuchukia. Aliliona ni jina la mtu anayefanya kazi. Nyumbani utaratibu ulikuwa uleule. Mahitaji ya mwezi yaliandikwa daftarini kabla ya tarehe ishirini, na lisilokuwemo halikununuliwa. Binti yake alikuwa amejifunza kuomba viatu wakati vya zamani bado vinamtosha.

Siku hiyo aliwasaidia kumpakia Bibi kwenye gari, akaenda nao hadi getini mwa hospitali ya jeshi, kisha akaenda kazini. Alhamisi kulikuwa na kikao cha bajeti, na kikao cha bajeti hakisogezwi.

*

Bibi alipigwa picha, na picha ikaonyesha mfupa wa nyonga umekatika mara moja, safi, kama kalamu ya risasi. Daktari, meja kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimweleza mke wa Kanali bila kuzunguka. Chuma kiwekwe ndani ya siku kumi. Zikipita, mfupa utajiunga unavyotaka wenyewe na Bibi hatatembea tena. Gharama ni milioni nne na laki mbili, kama mgonjwa hayumo kwenye orodha.

“Yumo,” alisema mke wa Kanali. “Mume wangu ni afisa wa jeshi hili.” Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kukamilisha sentensi zake.

Akaelekezwa dirishani, kwa koplo mwenye kompyuta. Koplo alibofya, akasubiri, akabofya tena.

“Mke yumo,” alisema. “Watoto wamo. Wazazi wa afisa wamo. Wazazi wa mke hawamo. Walikuwemo, wakaondolewa mwaka juzi.” Akavuta karatasi iliyovishwa plastiki, kwa sababu watu wengi walikuwa wametaka kuishika. “Waraka huu hapa. Kila anayekuja haniamini, kwa hiyo huwa nausoma.”

Akausoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuukariri: namba ya fungu, tarehe ya kufutwa, cheo cha aliyetia sahihi, jina lake. Alipofika kwenye jina alipunguza mwendo. Akatazama kitambulisho cha mke wa Kanali kilichokuwa mbele yake, akatazama tena waraka. Kisha akaanza kupanga vibanio vya karatasi ndani ya kopo, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo.

Foleni ilikuwa na watu kumi na mmoja na wote walikuwa wamesikia. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja, baba mkwe wa askari wa uhandisi, macho yake yote mawili yamefunikwa na ukungu mweupe. Aligeuza uso kuelekea kule sauti ilikotoka.

“Kumbe na yeye ana mkwe,” alisema, bila ubaya, kama mtu aliyepokea habari.

Koplo aliuliza jina la mgonjwa na namba ya simu, akaviandika kwenye daftari la shule lililokuwa kando yake. Mke wa Kanali aliuliza la nini. Koplo alisema si la kitu. Watu wakikataliwa hutulia kidogo wakiona wameandikwa mahali.

*

Jioni, kabla chakula hakijapakuliwa, mke aliweka nakala ya waraka mezani kando ya daftari la nyumba. Ukutani, chini ya saa, kulikuwa na cheti cha Kanali ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu: Kwa Kuokoa Fedha za Umma, Milioni Sitini. Kilikuwa na karibu miaka miwili pale, na kila Jumamosi mke ndiye aliyekifuta vumbi. Hakuwahi kuuliza milioni hizo ziliokolewa kutoka kwa nani.

“Hii sahihi ni yako?”

“Yangu.”

“Nzuri. Haina mkwaruzo.”

Kanali alieleza. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza mbele ya kamati. Fungu la wazazi wa wake lilisomeka sifuri miaka miwili mfululizo. Hakuna mzazi hata mmoja aliyetibiwa kwa fungu hilo. Kanuni ni kwamba fungu lisilotumika huondolewa, fedha zikaenda kwa wenye haja nazo.

“Halikumlenga mtu,” alimaliza.

“Limempata,” alisema mkewe.

Wakafungua daftari la nyumba, ingawa Kanali alijua kilichomo. Akiba ilikuwa laki sita na themanini elfu. Mke alitaja kaka zake wawili, mmoja hana kazi, mwingine anayo lakini halipwi. Kanali aliuliza kama shule inakopesha. Shule ilikuwa inakopa chaki.

Binti, aliyekuwa akipanga sahani, aliuliza kama Bibi naye aandikwe daftarini, kwa kuwa leo ni tarehe kumi na saba na zimebaki siku tatu. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kama ametania.

*

Sajenti wa ofisi ya Kanali alikuwa ameishi na mafaili yale miaka kumi na tisa. Koplo wa dirishani alikuwa shemeji yake, hivyo Jumanne asubuhi hakuhitaji kuelezwa. Aliingia na kikombe cha chai mkono mmoja na jedwali mkono wa pili.

“Afande, fungu la vyuma na vipuri lina bakaa ya milioni tano.”

“Ni vipuri vya magari.”

“Imeandikwa vyuma na vipuri, afande. Haikuandikwa vya nini. Na wanachomwekea Bibi ni chuma.”

Kanali alilitazama jedwali kwa muda mrefu kiasi cha sajenti kuanza kupata matumaini.

“Mama mkwe wangu si lori, sajenti.”

“Si lori, afande. Lori lingekuwa limeshatengenezwa.”

Kanali aliagiza faili la fungu lililofutwa. Alisema anataka kuhakiki hesabu. Faili lilikuwa jembamba, na sifuri zilikuwamo, mbili, zimepigwa chapa vizuri katikati ya safu. Alizitazama akitegemea zimtulize, kama hesabu sahihi inavyomtuliza siku zote. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuiuliza sifuri yoyote: ilitoka wapi.

“Ni fomu, afande,” alisema sajenti.

Akaeleza. Mzazi wa mke alitakiwa kupokelewa na Fomu namba kumi na mbili. Bila fomu hiyo, dirisha halimwandiki. Fomu namba kumi na mbili haikuwahi kuchapishwa. Fedha ya kuichapisha, laki tatu, ilikatwa mwaka uleule fungu lilipoanzishwa, wakati wa kubana matumizi ya karatasi.

“Nani aliikata?”

Sajenti alilivuta faili karibu. Alifungua ukurasa, akaugeuza ili Kanali asipate shida ya kupinda shingo. Wino ulikuwa mwekundu.

Kanali alisoma maneno yake mwenyewe. Aliyasoma mara mbili. Nje, askari walikuwa wakifagia njia ya magari, na mmoja wao alikuwa akipiga mluzi wimbo asioujua vizuri.

“Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, afande.”

“Hukusema.”

“Jedwali halikuwa na safu ya maoni, afande.”

*

Jumatano asubuhi Kanali alikwenda hospitali mwenyewe akasimama kwenye foleni. Watu walimpisha apite mbele, akakataa, wakabaki wamesimama pembeni, na foleni ikawa haieleweki tena ni ya nani. Alipofika dirishani aliomba lile daftari la shule alilosimuliwa na mkewe. Koplo alilitoa kwa mikono miwili. Jaladani kulikuwa na picha ya twiga, na ndani majina yalikuwa mia mbili na kumi na nne: waliokataliwa kwa kukosa fomu, na baada yao waliokataliwa kwa kukosa fungu. Wa mwisho alikuwa Bibi.

Mchana ule aliingiza ukurasa mpya kwenye kitabu cha makadirio, ukurasa wa arobaini na tatu. Fungu la wazazi wa wake lirudishwe. Laki tatu zitengwe kwa ajili ya Fomu namba kumi na mbili. Chini kabisa aliweka tanbihi ya sentensi mbili: “Fungu hili liliondolewa kimakosa. Kosa ni la mkuu wa Mipango na Bajeti.”

Saa tisa Jenerali, mwenyekiti wa kamati, alimwita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alianza kwa kuuliza hali ya Bibi, na alisubiri jibu.

“Ukurasa wa arobaini na tatu,” alisema baadaye. “Utoe.”

“Tanbihi, afande?”

“Ukurasa mzima. Tutaliangalia mwaka mwingine, likiwa limepoa. Zile milioni sitini nilizipeleka kwa waziri kwa mkono wangu, Kanali. Tukapigwa picha. Wewe ulikuwa wa tatu kutoka kushoto.” Akafungua droo, akatoa karatasi moja iliyokwisha kuchapwa. “Hiki ni kibali maalumu. Mama mkwe wako anafanyiwa upasuaji Ijumaa, bila senti. Nitatia sahihi kesho kikao kikiisha salama.”

Kanali aliitazama karatasi. Jina la Bibi lilikuwa limeandikwa bila kosa.

“Na orodha ya mabrigedia inatoka mwezi wa sita,” aliongeza Jenerali, akirudisha karatasi ndani. “Jina lako nimeliona. Limekaa vizuri.”

*

Bibi alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa uzito. Wodi ilikuwa imemkubalia siku kumi za dharura, baada ya hapo alipe au aondoke. Alikuwa ameomba sindano na uzi kwa muuguzi na sasa alikuwa anashona pazia la wodi lililochanika. Alikuwa fundi wa kiwanda cha mashati kwa miaka thelathini na mmoja, na kitu kilichochanika kilimkera kuliko maumivu.

Kanali alisimama kando ya kitanda kama yuko gwarideni. Akamweleza habari ya kibali. Bibi alisikiliza huku sindano ikienda.

“Hicho kitatoka kwa watu wote, au changu peke yangu?”

“Chako, mama.”

“Na yule mzee wa macho? Amekuja kunisalimia leo. Muuguzi amemshika mkono. Anasema kila mwezi anakuja kukaa kwenye lile benchi, labda watakuwa wamebadilisha mawazo. Mwaka wa tatu huu.”

Kanali alimweleza ukurasa wa arobaini na tatu. Hakukusudia kumweleza, lakini Bibi alikuwa na namna yake ya kunyamaza. Alimweleza fomu, sifuri, wino mwekundu na droo ya Jenerali. Ilichukua dakika chache tu. Alishangaa jinsi jambo lote lilivyo fupi.

“Kiwandani,” alisema Bibi, “tulikuwa tunapanga vitambaa arobaini kimoja juu ya kingine, kisu kinapita mara moja. Ukikosea hapo, hujakosea shati moja. Kuna msichana alikosea, akamshonea upya msimamizi shati moja kati ya hayo, la kuvaa mwenyewe nyumbani, ili anyamaze. Yale thelathini na tisa yakaenda dukani hivyohivyo.” Akakata uzi kwa meno. “Msimamizi alilivaa. Lilimkaa vizuri.”

“Mama, daktari amesema mwisho ni tarehe ishirini na saba.”

“Mguu ni wangu, tarehe naijua. Sikwambii ufanye nini. Mimi ni mkwe tu, na hata orodhani simo.”

Akamwomba amsogezee pazia upande wa pili.

*

Kikao cha Alhamisi kilianza saa tatu kamili. Mezani kulikuwa na wakuu wa idara saba, chupa za maji, na vitabu vya makadirio vyenye jalada la bluu. Walikwenda ukurasa kwa ukurasa. Mahema yalipita. Mafuta yalipita baada ya mabishano. Saa sita kasoro Jenerali alilowesha kidole.

“Arobaini na mbili, imepita. Arobaini na nne.”

“Arobaini na tatu, afande,” alisema Kanali.

Jenerali alimtazama. Kisha akatazama kitabu, ambamo ukurasa ulikuwamo, na tanbihi yake chini.

Kanali alisimama, akasoma. Hakupandisha wala kushusha sauti. Mkuu wa Ugavi, mtu mnene aliyekuwa amesinzia tangu mafuta, aliuliza fungu hilo si ndilo lile lililosomeka sifuri.

“Sifuri ilikuwa yangu, afande. Niliwanyima fomu, kisha nikawaondoa kwa sababu hawakujaza fomu.” Akaweka daftari la twiga katikati ya meza. “Dirishani walikataliwa watu mia mbili na kumi na nne.”

“Kuna maslahi binafsi hapa, Kanali?” aliuliza Jenerali.

“Yapo, afande. Namba mia mbili na kumi na nne ni mama mkwe wangu. Naomba asihesabiwe.”

Wakuu wa idara walitafuta pa kuangalia. Mkuu wa Ugavi alilivuta daftari, akaanza kushuka na kidole. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Mahali fulani kidole kilisimama. Hakusema amemwona nani. Alilifunga daftari taratibu, akasema yeye anaunga mkono, na baada yake wakaunga mkono wengine wanne.

Jenerali alihesabu mikono. Fungu litarudi mwaka mpya wa fedha utakapoanza, alisema, si kabla, na hakuna atakayelipwa ya nyuma. Kisha akaweka sharti, kwa kuwa mwenyekiti ana haki ya kuweka sharti.

“Robo ya kwanza likisomeka sifuri, linaondoka. Na safari hiyo halirudi.”

Kikao kilipoisha, droo haikufunguliwa.

*

“Kwa hiyo umekataa,” alisema mkewe jioni ile.

“Sikukataa. Sikupewa.”

“Ulikuwa upewe, ukasoma ukurasa.” Alikuwa amesimama, mikono imefungwa, kama anavyosimama mbele ya darasa lililovunja dirisha. “Mama yangu ana siku saba. Umewarudishia watu fungu la mwezi wa saba. Yeye umemrudishia nini?”

Kanali aliweka ufunguo wa gari mezani, juu ya daftari la nyumba.

Mkewe aliutazama. Gari lile lilikuwa limewekewa akiba miaka tisa, mstari kwa mstari, na lilikuwa kitu pekee katika maisha yao kilichowahi kupita bila kukatwa.

“Kazini utaenda na nini?”

“Kilomita nne. Nina miguu.”

“Miguu unayo,” alikubali. Akachukua sahani akaenda kupakua. Alipakua na ya kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumatatu.

Mnunuzi alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa pili. Alilizunguka gari mara tatu Ijumaa asubuhi, akapiga teke gurudumu moja, akalala chini kuangalia tumbo. Gari lilikuwa la milioni sita na wote wawili walijua. Akasema milioni tatu na nusu.

Kanali aliyewahi kujadili bei ya malori themanini na wageni wenye wanasheria wawili alisema milioni tano na nusu. Mwenye duka alifuta mikono. Aliuliza Bibi anaendeleaje, na kama ni kweli mwisho ni tarehe ishirini na saba.

“Unakumbuka zabuni ya mabati?” aliuliza. “Ulinikata asilimia kumi na tano. Nikakwambia Kanali, nina watoto. Ukaniambia watoto hawamo kwenye zabuni.”

“Nakumbuka.”

“Basi leo mkasi nimeushika mimi. Milioni tatu na laki saba, kwa heshima ya Bibi. Wewe peke yako ningekupa tatu.”

Kanali alihesabu kichwani. Ukijumlisha na akiba ilibaki laki moja na themanini elfu. Akatoa kalamu, ilikuwa nyekundu, hakuwa na nyingine. Akatia sahihi.

*

Chuma kiliwekwa Jumamosi. Jumamosi iliyofuata Bibi alisimama, muuguzi huku, mkwe wake kule, akapiga hatua nne akiwa amekunja uso kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Alisema kinafaa, ila fundi amekaza sana upande wa nyuma.

Mkeka wa mpira ulinunuliwa, elfu nane, bila kupitia daftarini.

Mwezi wa sita orodha ya mabrigedia ilibandikwa. Sajenti aliisoma kwanza, akaisoma tena kutoka chini kwenda juu, kisha akapeleka chai ofisini na kuiweka mezani. Alikuwa ametia sukari vijiko vitatu badala ya kimoja. Kanali aliinywa yote. Nyumbani alimwambia mkewe, wakiwa wanakunja nguo, kwamba jina lake halimo. Mkewe alisema ajabu, alikuwa amekwisha kuzoea kuitwa mke wa Kanali. Siku mbili baadaye cheti hakikuwa ukutani. Pale chini ya saa mkewe alikuwa ametundika kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Kanali aliisoma tarehe hapo kila asubuhi akifunga kamba za viatu, ambavyo soli zake zilikuwa zimeanza kuisha upande mmoja.

Mwaka mpya wa fedha ukaanza. Fomu namba kumi na mbili ilichapishwa, nakala elfu moja, ikakaa dirishani. Julai ikapita, Agosti ikapita. Katikati ya Septemba, wakati wa chakula cha jioni, Bibi aliuliza lile fungu linaendeleaje, na Kanali akalazimika kusema linasomeka sifuri.

“Hawaumwi?”

“Wanaumwa, mama. Hawajui. Fungu la matangazo lilikwisha.”

“Nani alilikata?”

Kanali alikata kipande cha nyama kikawa vipande viwili, kisha vinne.

“Robo inaisha lini?” aliuliza Bibi.

“Tarehe thelathini.”

Bibi aliendelea kula. Alipomaliza alimwomba mjukuu wake ampigie pasi gauni la kijani.

Asubuhi, saa mbili na nusu, alifika dirishani kwa fimbo yake, hatua ndogondogo, mgongo umenyooka. Nyuma yake, ameshika mkanda wa gauni lake la kijani, alikuja yule mzee wa macho. Koplo aliinuka kidogo kwenye kiti.

“Shikamoo, Bibi. Nyonga imekusumbua tena?”

“Marahaba. Nyonga haina neno. Nipe fomu yako namba kumi na mbili.”

Koplo alitoa nakala ya kwanza kutoka kwenye rundo. Karatasi ilikuwa imenata kwa upya, akalazimika kuipuliza ili iachane na ya chini yake. Akaandika jina, akaandika umri, akafika penye mstari wa tatu.

“Hapa inabidi niandike unaumwa nini.”

“Mimi siumwi. Nimekuja kuharibu sifuri,” alisema Bibi. “Niandike naangaliwa mshono. Anayeumwa ni huyu mzee, mwandike wa pili. Halafu toa lile daftari lako la twiga ulilorudishiwa, lina namba za simu. Uanze kupiga.”

Koplo alitazama simu ya mezani. Akasema, kwa adabu, kwamba simu ya dirisha haina fungu la kupiga nje.

Bibi akafungua mkoba wake, akatoa simu ya mkwe wake, akaiweka kwenye kibao cha dirisha.

“Ameijaza salio mwenyewe,” alisema. “Asubuhi hii, kabla hajatembea kwenda kazini.”